Neno Linalobebwa: Mafundisho ya Kiislamu juu ya Masengenyo na Fitina

Hotuba iliyotolewa Kamina, Haut-Lomami, mbele ya familia zilizohama makwao, machifu, viongozi wa dini na wakuu wa kamati.

 

Baba machifu, wachungaji, mashehe, wakuu wa kamati, na ninyi mama mlioacha kazi ya asubuhi mje kukaa nasi, tunawashukuru. Tunajua kwamba asubuhi moja bila shamba na bila soko ni bukari iliyopungua jioni. Tutajitahidi tusiwapotezee wakati.

Tumeombwa tuseme juu ya maneno: masengenyo, umbea, fitina, habari inayobebwa kutoka nyumba hii kwenda nyumba ile. Tumeombwa pia tuyaseme kwa upande wa mafundisho ya Kiislamu, ingawa wengi mlioketi hapa si Waislamu. Hapa Kamina Waislamu ni wachache mbele ya Wametodisti na Wakatoliki. Hilo halitusumbui. Aliye Mkristo atakumbuka jinsi Waraka wa Yakobo unavyoufananisha ulimi na moto mdogo unaoteketeza msitu mkubwa, na ataona kwamba hatuko mbali. Lakini Uislamu umeingia katika jambo hili kwa undani wa pekee, kwa sababu jamii ya kwanza ya Waislamu ilikuwa jamii ya watu waliohama makwao, wakapokelewa na wenyeji, na maneno nusura yaivunje. Ndiyo sababu tunaona habari zao zinawahusu ninyi.

Tuanze na mambo ya hapa kwetu.

Kamina ni mji wa reli. Njia ya kutoka Lubumbashi inapita hapa ikielekea Kasai, na nyingine inashika upande wa Kabalo. Wenye umri kati yenu wanazikumbuka treni za mwaka 1992 na 1993. Watu wenye asili ya Kasai, wengi wao wamezaliwa Likasi na Kolwezi, wakiwa wajukuu wa wale walioletwa kufanya kazi ya migodi na ya reli, walifukuzwa katika nyumba zao. Walilala kwenye stesheni kwa majuma na miezi wakingoja treni. Watoto walikufa kwa magonjwa pale pale kwenye stesheni na ndani ya mabehewa. Hayo yalipita mbele ya macho ya mji huu.

Kabla ya panga na kiberiti lilitangulia neno. Watu wale waliitwa bilulu, yaani wadudu. Liliitwa hivyo hadharani, likarudiwa sokoni, likafika shuleni katika midomo ya watoto. Pamoja na jina hilo zilitembea habari: kwamba wamechukua kazi zote, kwamba wanataka kuitawala nchi, kwamba wanaficha silaha. Nani aliziona silaha hizo? Kila mtu alikuwa amesikia kwa mwingine. Mdudu hukanyagwa bila mtu kuona vibaya, na ndiyo kazi ya jina kama hilo.

Baadaye, miaka ya vita ya Mai-Mai huko Mitwaba, Pweto, Manono na Malemba-Nkulu, neno lilifanya kazi nyingine. Askari walimshuku mwanakijiji kwamba ni mtu wa Mai-Mai. Mai-Mai nao walimshuku mwanakijiji huyo huyo kwamba anawapelekea askari habari. Katika hali hiyo mwenye kinyongo na jirani yake hakuhitaji bunduki. Alihitaji kusema jina tu. Makumi ya maelfu ya watu walikimbia, wengine wakaenda kuishi juu ya visiwa vya majani vinavyoelea katika Ziwa Upemba, mahali ambapo hata moto wa kupikia ni shida. Na mwezi wa Novemba 2023, pale Malemba-Nkulu, kuuawa kwa kijana mmoja dereva wa pikipiki kulitosha kuwafanya watu wenye asili ya Kasai wawindwe, hali hawakuhusika na kifo chake. Safari hii radio trottoir haikutembea kwa miguu. Ilitembea kwa simu, na picha za unyama zikafika Lubumbashi na Mbuji-Mayi kabla ya habari yenyewe kueleweka.

Tuna methali ya Kiswahili isemayo lisemwalo lipo, kama halipo laja. Watu huitumia kuhalalisha uvumi: kama linasemwa, basi kuna ukweli fulani. Sisi tunaiona kwa namna nyingine. Kijiji kikiambiwa kwamba kijiji jirani kinajiandaa kuwashambulia, vijana wa kijiji cha kwanza watachukua mapanga na kusimama njiani. Kijiji cha pili kitawaona na mapanga, nacho kitachukua ya kwake. Kesho yake jambo ambalo halikuwepo litakuwepo. Methali inasema kweli, lakini kwa ubaya wake.

Maneno yenyewe

Wanazuoni wa Kiislamu wameyatenga maneno haya kwa majina, na ni vizuri kuyajua. La kwanza ni ghiba, yaani masengenyo. Imepokewa katika Sahihi Muslim kwamba Mtume Muhammad (s.a.w.) aliwauliza masahaba wake kama wanajua ghiba ni nini, kisha akawaeleza kwamba ni kumtaja ndugu yako kwa jambo analolichukia. Mmoja akauliza: na kama jambo hilo kweli analo? Akajibiwa kwamba kama analo umemsengenya, na kama hana umemzulia uongo. Huo uzushi ndio unaoitwa buhutani, na ni mbaya zaidi.

Hapa tusimame kidogo, maana hapa ndipo watu wengi hujitetea. Mtu akikatazwa kusengenya hujibu: lakini ni kweli! Basi jibu hilo halimuokoi. Ukweli wa jambo haukupi ruhusa ya kulitembeza. Qurani, katika Sura ya 49 aya ya 12, imemfananisha msengenyaji na mtu anayekula nyama ya ndugu yake aliyekufa. Maiti hawezi kujitetea, na asiyekuwepo barazani naye hawezi.

La pili ni namima, kufitini. Huku ni kulitoa neno kwa huyu na kulipeleka kwa yule ili kuharibu yaliyo kati yao. Sura ya 68, aya ya 11, inamtaja mtembezaji wa fitina pamoja na watu wabaya wanaofaa kukataliwa, na Hudhayfa alipokea kwa Mtume kwamba mfitini hataingia peponi. Imamu al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, aliongeza kwamba fitina haiko katika maneno ya mdomo peke yake. Inaweza kuwa kwa maandishi au kwa ishara. Mwanachuoni huyo hakujua simu. Lakini mtu anayepokea sauti katika simu yake, na kwa kidole kimoja akaipeleka kwa watu mia, amekwisha kuelezwa.

Tena kuna hadithi fupi katika Sahihi Muslim ambayo tungependa ibaki vichwani: inatosha kwa mtu kuhesabiwa mwongo kwamba husimulia kila anachokisikia. Haikusema kila anachokizua. Imesema anachokisikia.

Ugomvi wa kisimani

Sasa twende Madina. Waislamu walihama Makka mwaka 622 wakiwa wameacha nyumba na mali. Wenyeji wa Madina waliowapokea waliitwa Ansari, wasaidizi. Waliohama waliitwa Muhajirina. Waligawana nao chakula, nyumba na mashamba ya mitende. Wenye kupokea wageni hapa Kamina wanajua jambo hilo lina uzito gani baada ya mwaka wa kwanza, na wa pili, na wa tatu.

Katika mwaka wa 5 au wa 6 wa Hijra, wanahistoria wametofautiana, jeshi la Waislamu lilikuwa linarudi kutoka kwa kabila la Banu Mustaliq. Walipiga kambi kwenye maji yaitwayo Muraysi. Watu walisongamana kwenye maji kuteka na kunywesha wanyama. Mmoja wa upande wa Muhajirina, kibarua wa Umar bin al-Khattab, akagombana na mwingine wa upande wa Ansari. Akapigwa mtu teke. Huyu akapiga kelele: enyi Ansari, njooni! Na yule naye: enyi Muhajirina, njooni!

Ni nani hapa hajaona jambo hili kwenye bomba la maji? Madumu yamepangwa, mtu amesogeza dumu la mwenzake, na mara haligombani dumu na dumu, yanagombana makabila. Mtume alitoka akauliza kuna kelele gani hizi za zama za ujinga, akawaambia waziache kwa sababu zinanuka. Ugomvi ukatulia.

Lakini neno lilikuwa limekwisha kumfikia Abdullah bin Ubayy, mkubwa mmoja wa Madina ambaye moyoni hakuwapenda waliohama. Yeye akaanza kusema na watu wake faraghani. Qurani imeyahifadhi aliyoyasema katika Sura ya 63, aya ya 7 na ya 8. La kwanza, wasiendelee kuwalisha watu hawa walio pamoja na Mtume, ili watawanyike. La pili, wakifika Madina mwenye nguvu atamtoa mnyonge. Mtu akituuliza chuki dhidi ya waliohama huanzaje, tutamwonyesha aya hizi mbili: wanyimeni chakula, wafukuzeni. Maneno ya namna hiyo yamesemwa kwa Kiluba, kwa Kiswahili na kwa Kifaransa.

Pale palikuwepo kijana mdogo, Zayd bin Arqam. Alisikia yote. Habari ikamfikia Mtume kwa njia yake na mjomba wake. Abdullah akaitwa akaapa kwamba hakusema hivyo, na watu wakamwamini yeye kwa sababu alikuwa mkubwa, kijana akaonekana mwongo. Zayd alisema baadaye kwamba hajawahi kupata huzuni kama ile. Kisha Sura ya 63 ikashuka, ikamsadikisha.

Mtatuuliza: je, Zayd hakufitini? Alilitoa neno huku akalipeleka kule! Hapana, na tofauti yake ndiyo roho ya somo letu. Zayd hakulipeleka neno kwa vijana wa Muhajirina kambini ili wawashe moto usiku. Alilifikisha kwa mtu mwenye dhamana ya kambi nzima. Aliyasema aliyoyasikia kwa masikio yake mwenyewe. Kusudi lake lilikuwa kuzuia madhara.

Na angalieni mwenye dhamana alifanya nini. Umar aliomba ruhusa Abdullah auawe. Mtume alikataa, watu wasije wakasema kwamba Muhammad anaua wenzake. Badala yake, kama wanavyosimulia wanahistoria, aliamuru safari saa ambayo haikuwa desturi yake kusafiri. Waliendeshwa mchana ule, na usiku kucha, mpaka jua la kesho yake likawaunguza. Waliposhushwa chini walilala papo hapo. Hakuna aliyekuwa na nguvu ya kukaa na kuzungumza. Sisi tunaipenda sana habari hii. Kiongozi mwingine angetoa hotuba juu ya umoja. Yeye aliwachosha watu mpaka neno likakosa mahali pa kukaa. Wakuu wa kamati, katika siku ya uvumi mkali, kuwapa vijana kazi ya kuchimba mfereji kunaweza kusaidia kuliko mkutano wa tatu.

Mwezi mmoja wa uzushi

Katika safari ile ile ya kurudi, Bibi Aisha, mke wa Mtume, alibaki nyuma. Alikuwa ametoka haja, akapoteza mkufu wake, akarudi kuutafuta, na waliobeba machela yake wakadhani yumo ndani. Safwan bin al-Mu'attal, aliyekuwa nyuma ya jeshi, alimkuta, akampandisha juu ya ngamia wake na kumwongoza mpaka kambini. Hayo ndiyo yaliyotokea. Abdullah bin Ubayy na wengine wakayageuza kuwa jambo jingine.

Uzushi ule ulidumu Madina karibu mwezi mmoja. Aisha alikuwa mgonjwa, hakujua linalosemwa, ila aliona mumewe amebadilika kidogo. Alikuja kuambiwa usiku mmoja na mwanamke aliyekuwa jamaa ya baba yake. Ndivyo ilivyo: anayesemwa huwa wa mwisho kujua. Siku Mtume alipolitaja jambo hili msikitini, wakubwa wa Aus na Khazraj, makabila mawili ya wenyeji ambayo zamani yalipigana vita virefu, walijibizana mpaka nusura wapigane pale pale. Neno lilianza juu ya mwanamke mmoja, likafufua vita ya mababu.

Katika watu walioulizwa alikuwemo Zaynab bint Jahsh, mke mwenza wa Aisha, ndiye aliyekuwa akishindana naye kwa cheo nyumbani. Kwa desturi ya dunia hiyo ndiyo nafasi yake. Alijibu kwamba anayahifadhi masikio yake na macho yake, na kwamba hajui kwa Aisha ila kheri. Dada yake, Hamna, alikuwa miongoni mwa waliousambaza uzushi, akiona anamsaidia Zaynab. Nyumba moja, dada wawili, mmoja kanyamaza na mwingine kasema. Tunalitaja hili kwa ajili ya mama walio hapa, kwa maana huwa mnaambiwa umbea ni tabia ya wanawake. Abdullah alikuwa mwanamume na mkubwa wa watu, naye ndiye aliyebeba sehemu kubwa ya dhambi ile. Aliyefunga mlango alikuwa mwanamke, tena mwenye sababu ya kuufungua.

Baada ya kushuka aya za Sura ya 24 zilizomtakasa Aisha, sheria ikawekwa: anayemtuhumu mwanamke mwenye heshima kwa zinaa, asilete mashahidi wanne, hupigwa viboko 80 na ushahidi wake haukubaliwi tena. Baadhi ya waliosema waliadhibiwa. Ni sheria kali, na sababu yake mmeiona.

Wanakuja kutupokea, au wanakuja kutuua?

Kabila la Banu Mustaliq, lile lililopigwa vita, liliingia katika Uislamu. Baada ya muda, kama wanavyoeleza wafasiri wengi, Mtume alimtuma kwao al-Walid bin Uqba akakusanye zaka. Watu wale waliposikia anakuja walitoka kumlaki. Al-Walid akaona kundi la watu linamjia. Baadhi ya wafasiri wanasema kulikuwa na uadui wa zamani kati yake na wao. Akaogopa, akageuza njia, akarudi Madina akasema wamekataa zaka na walitaka kumuua. Mji ukajiandaa kwa vita. Katika simulizi moja Khalid bin al-Walid alitumwa kwanza aende kwa utaratibu akaangalie, naye akakuta watu wanaadhini na kuswali. Ndipo iliposhuka aya ya 6 ya Sura ya 49, inayoamuru kwamba habari ikiletwa na mtu asiyeaminika ichunguzwe kwanza, watu wasije wakawadhuru wengine kwa kutojua kisha wakabaki na majuto.

Hatudhani al-Walid alikaa chini akatunga. Mtu aliyeogopa huona mkuki mahali penye fimbo. Ninyi mliokimbia usiku mnalijua hilo kuliko sisi. Hofu ya mtu aliyewahi kuchomewa nyumba ni hofu ya haki, hatumcheki. Lakini hofu si shahidi. Kwa hiyo anayekuja na habari ya hofu apokewe vizuri, apewe maji, aulizwe kwa upole: umeona wewe, au umeambiwa? Uliona wangapi? Walikuwa wameshika nini? Saa ngapi? Wapi hasa? Maswali hayo matano yameokoa watu.

Na Sura ya 4, aya ya 83, inaongeza jambo ambalo kwa waliohama ni kubwa. Inawalaumu watu ambao likiwafikia jambo la amani au la hofu hulitangaza papo hapo. Angalieni, la amani pia! Uvumi kwamba njia ya kurudi kijijini iko salama unaweza kuua kama uvumi wa mashambulio. Aya inasema wangelirudisha kwa Mtume na kwa wenye mamlaka kati yao, wale wenye uwezo wa kulichambua wangelijua. Umar alitoa mfano wa aya hiyo kwa matendo. Alikuta watu msikitini wamehuzunika wakisema Mtume amewaacha wake zake. Hakuketi nao. Alikwenda mpaka chumbani kwa Mtume akamwuliza mwenyewe. Akaambiwa hapana. Kisha akaomba ruhusa, akasimama mlangoni mwa msikiti akatangaza kwa sauti kubwa kwamba si kweli. Kwenda kwa mwenyewe ni nusu ya kazi. Kurudi mlangoni kutangaza ni nusu ya pili, na wengi wetu huiacha.

Wakati wa kusema

Tuna neno zito hapa, na tunaomba wanaume wasikilize. Mafundisho haya hutumiwa vibaya kuwafunga watu midomo. Msichana amefanyiwa ubaya na mtu mwenye cheo au mwenye bunduki, mama yake anataka kusema, na mkubwa mmoja anamwambia: nyamaza, hayo ni masengenyo, utaharibu jina la jamii. Huko ni kuigeuza dini juu chini.

Imamu an-Nawawi amezitaja sababu sita zinazomruhusu mtu kumtaja mwingine kwa ubaya wake, na ya kwanza ni aliyedhulumiwa kumshitaki aliyemdhulumu kwa mwenye uwezo wa kutoa haki. Nyingine ni kuomba msaada wa kuondoa uovu, kuuliza hukumu ya jambo, na kuwaonya watu na hatari. Hind, mke wa Abu Sufyan, alikwenda kwa Mtume kumlalamikia mumewe kwamba ni bahili, hampi cha kumtosha yeye na mtoto wake. Hakukatazwa, alipewa jibu. Fatima bint Qays alipoposwa na wanaume wawili alikwenda kutaka ushauri, na Mtume akamwambia wazi kwamba mmoja ni maskini hana mali, na mwingine fimbo haimtoki begani. Kumwonya mwanamke juu ya mtu anayepiga kunatokana na Mtume mwenyewe.

Vivyo hivyo, anayeona jina limeandikwa katika orodha ya msaada la mtu asiyekuwepo, akaenda kwa mkuu wa kamati au kwa shirika lenyewe, amefanya haki. Anayelijua hilo akaenda kulisema bombani tu, kwamba kabila fulani wanakula msaada wetu, huyo ndiye tunayemwonya. Jambo ni moja, mlango ni tofauti.

Kwa viongozi tuna habari fupi. Inasimuliwa kwamba mtu alimletea khalifa Umar bin Abdul-Aziz neno juu ya mtu mwingine. Akamwambia: ukitaka tutalichunguza jambo lako. Ukiwa mwongo, wewe ni wa aya ile ya asiyeaminika. Ukiwa mkweli, wewe ni wa aya ile ya mtembezaji wa fitina. Na ukitaka tutakusamehe. Mtu yule akaomba msamaha. Chifu ambaye jioni hupokea wachongezi mmoja mmoja, kila mmoja akiingia kwa mlango wa nyuma, atajua kila kitu na hatajua kitu. Neno linaloweza kusemwa mbele ya watu watatu lisemwe mbele yao.

Na yako maneno ya kubeba. Hadithi ya Umm Kulthum bint Uqba, iliyo katika Bukhari na Muslim, inasema si mwongo yule anayepatanisha watu akapeleka neno la kheri. Hapa Kamina mwaka 2004 Askofu Ntambo Nkulu Ntanda wa Kimetodisti aliwakutanisha watu wa Mai-Mai na wa serikali. Maadui hawafiki meza moja bila mtu kwenda huku na kule akichagua la kupeleka na la kuacha.

Limebaki la wale waliokwisha kusema. Kati ya waliosambaza uzushi juu ya Aisha alikuwemo Mistah, mtu maskini aliyehama Makka, aliyeishi kwa msaada wa ndugu yake Abu Bakr, baba wa Aisha. Abu Bakr aliapa hatampa tena kitu. Nani angemlaumu? Amemsaidia kwa miaka, naye kamtukanisha binti yake. Ndipo ikashuka aya ya 22 ya Sura ya 24, kuwaambia wenye nafasi wasiape kuacha kuwapa jamaa, maskini na waliohama, bali wasamehe. Abu Bakr akamrudishia Mistah msaada wake, akaapa hatauondoa kamwe. Mistah alikuwa amekwisha kuadhibiwa. Adhabu ilipita kwa sheria, lakini chakula hakikufanywa adhabu. Wenye orodha mikononi mtalifikiria hilo.

Kwa aliyesengenya, wanazuoni wametofautiana kama ni lazima aende kumwambia aliyemsengenya na kumwomba radhi. Wengine wamesema kama kumwambia kutaleta ugomvi mpya, basi amwombee, na amtaje kwa kheri mahali pale pale alipomtaja kwa shari. Kwa hali ya kambi, sisi tunaegemea kauli hii ya pili, ila uzushi uliomletea mtu madhara ya mwili au ya mali lazima urekebishwe mbele ya wazee.

Tumesema vya kutosha. Tuna saa moja kabla ya jua kuwa kali. Tungependa kila kundi likae chini ya mti wake, wenyeji na waliohama wakichanganyika, na lichukue habari moja iliyotembea mtaani mwezi huu, bila kutaja jina la mtu, lieleze ilianzia wapi, ilipita kwa nani na nani kwa cheo chao tu, na ni mlango gani ingepaswa kupelekwa. Mama wa upande wa bomba wataanza, kwa sababu habari nyingi hupita kwao kwanza.